Baiti Iliyopungua

Mwalimu alikuja saiba Jumamosi moja mvua ikinyesha, flashi yake ameifunga ndani ya nailoni kama dawa ya hospitali. Ndani mlikuwa na faili kumi na nne ambazo fundi mwingine alizitoa kwenye diskieti za zamani. Riwaya, aliniambia. Aliiandika usiku, kati ya 1989 na 1993, kwenye kompyuta ya ofisi alikofanya kazi mkewe, kwa programu iliyoitwa WordStar. Sasa amestaafu na alitaka kuisoma tena kabla macho hayajamwacha kabisa.

Nilifungua ya kwanza. Karibu kila neno lilikuwa limeishia pabaya. Mtoto alikuwa "mtotï", nyumba "nyumbá", watu "watõ". Nikamwambia, "Mwalimu, hii imeharibika." Akainama karibu na skrini, akasoma mistari miwili mitatu huku midomo ikicheza.

"Imeharibika, ama wewe ndiye hujui kuisoma?"

Nilicheka kwa adabu. Kumbe alikuwa sahihi. WordStar ya zamani ilikuwa na tabia ya kuwasha biti ya nane kwenye herufi ya mwisho ya neno, kwa ajili ya mambo yake ya kupanga mistari, na programu za leo zikikutana na herufi hiyo zinaiona kama nyingine kabisa. Na kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu, shida nzima ilikuwa herufi tano tu. Ningezibadilisha kwa dakika kumi, nilipwe, niende zangu. Wajuaji, najua mnacheka. Lakini siku hiyo sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba enzi hizo watu walitengeneza vijiprogramu vya kusafisha faili za WordStar, na kwamba nakala zake bado ziko kwenye maghala ya zamani ya intaneti. Nikamwambia mwalimu arudi baada ya wiki.

Ghala lenye jina kubwa siku hizo lilikuwa Simtel. Lilianzia kwenye kompyuta ya MIT, kisha likakaa miaka mingi kwenye mashine ya jeshi la Marekani kule White Sands, New Mexico, mahali pa kujaribia makombora. Yaani jeshi linarusha makombora, na kwenye kompyuta yake hiyo hiyo kuna maelfu ya programu za bure za raia wa kawaida, zimepangwa folda kwa folda, Keith Petersen akizisimamia kama mkutubi. Mashine ilizimwa 1993, mkusanyiko ukahamia kwa kampuni ya Walnut Creek CDROM ya California, na kutoka hapo nakala zikazaa nakala.

Faili zilisafiri kwa FTP, itifaki ambayo maelezo yake tunayoyafuata hadi leo yaliandikwa Oktoba 1985. FTP ina namna mbili kuu za kubeba mzigo: namna ya maandishi, na namna ya kubeba baiti kama zilivyo. Kwenye namna ya maandishi mbebaji anakusaidia. Anajua kwamba Unix humaliza mstari kwa baiti moja, namba 10, na DOS humaliza kwa mbili, 13 halafu 10, basi anabadilisha njiani ili mzigo ukifika usome bila taabu. Wema mtupu. Shida ni kwamba programu haina mistari. Ndani ya faili ya ZIP namba 10 hutokea kwa sadfa, kama mara moja katika kila baiti 256, na kila ikitokea, mbebaji anachomeka 13 mbele yake. Hajui kwamba anaharibu. Na namna hii ya maandishi ndiyo itifaki iliyoifanya kuwa ya kawaida: usiposema lolote, unasaidiwa.

Ndiyo maana orodha za Simtel ziliweka herufi kando ya kila jina la faili, A ama B. B ilimaanisha hii si maandishi, usiiguse. Baada ya herufi ulifuata urefu wa faili kwa baiti, kisha tarehe. Na kwa mashine yenyewe ya White Sands hata hilo halikutosha, kwa sababu iliweka baiti nne ndani ya neno la biti 36 na kuacha biti nne tupu. Ilibidi uandike amri ya tatu, *tenex*, la sivyo ungetumia namna ya baiti kwa uangalifu wote na bado upate takataka. Huyo mtu namhurumia kuliko wote.

Orodha ilisema programu niliyoitaka ina baiti 61,834. Niliyoipakua mimi ilikuwa na 62,071, na ilikataa kufunguka. Ziada ya 237. Ukigawanya 61,834 kwa 256 unapata kama 241, kwa hivyo nilijua kilichotokea kabla hata sijaangalia ndani. Mahali fulani, miaka thelathini iliyopita, mtu alisahau kuandika amri ya neno moja, na kosa lake likanakiliwa kwa uaminifu kutoka seva hadi seva mpaka likanifikia mimi kwenye saiba.

Kosa la namna hiyo lina dawa. Unapita faili nzima, na kila unapokuta 10 unaondoa 13 moja iliyo mbele yake. Iliyochomekwa inatoka, iliyokuwepo tangu mwanzo inabaki. Kuna kijiprogramu kiitwacho fixgz kinachofanya hivyo kwa faili za gzip. Changu niliandika mwenyewe, mistari sita. Faili ikarudi 61,834 kamili, ikafunguka.

Ila toleo hilo lilikuwa la zamani mno kwa faili za mwalimu. Nikatafuta toleo lililofuata. Orodha: 58,112. Yangu: 58,111.

Hapo nilikaa. Huyu aliyebeba alibeba upande wa pili, kutoka DOS kwenda Unix, ambako 13 ikifuatwa na 10 hutolewa. Namba mbili hizo kufuatana kwa sadfa ni nadra, kama mara moja katika baiti 65,000, kwa hivyo faili ilikuwa imepoteza baiti moja tu. Moja. Lakini ipi? Ndani kulikuwa na namba 10 mara 229, na yoyote kati ya hizo ingeweza kuwa ndiyo iliyonyang'anywa mwenzake. Kwenye faili ya kwanza uharibifu ulikuwa kila mahali na ulionekana. Hapa ulikuwa mahali pamoja, na hakukuwa na kovu.

Bahati nzuri ZIP, tangu ilipotoka 1989, hubeba ndani yake namba iitwayo CRC-32. Ni hesabu inayofanywa juu ya yaliyomo kabla hayajabanwa. Ukiifungua faili, hesabu inarudiwa, na zisipolingana unaambiwa kuna kosa. Basi nikaandika programu ya kurudisha 13 mbele ya kila 10, moja baada ya nyingine, ikijaribu kufungua kila mara. CRC haikuniambia hata siku moja baiti ilipotea wapi. Ilijibu ndiyo ama la, basi. Ilisema la mara 170. Jaribio la 171 ikasema ndiyo.

Hii ilikuwa Jumapili, saa mbili usiku, saa ambayo mama alikuwa akinipigia. Alikuwa ameacha kunipigia tangu miezi mitatu iliyopita.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sitaeleza sana, nilikuwa nimesota, nilikuwa na somo moja nimelirudia mara mbili, na asubuhi moja ya mtihani niliketi kwenye kitanda nikafunga kamba za viatu, nikazifungua. Sikumwambia mama. Kila Jumapili aliuliza maswali yale yale matatu. Umekula? Nimekula. Umelala wapi? Kwangu. Masomo? Yanaendelea. Na masomo yalikuwa yanaendelea kweli, bila mimi. Mwezi wa tatu alituma shilingi 28,000 za karo. Nikajibu, "Asante mama, imefika." Ilikuwa imefika.

Kwa muda mrefu nilijitetea hivyo, kwamba sikuwahi kumwambia mama uongo. Ukichukua mazungumzo yetu ya mwaka mzima na nusu na kuyapitia sentensi kwa sentensi, hutapata hata moja isiyo ya kweli. Nilikuwa nimetoa kitu kimoja tu. Na bado nasikia watu wakijitetea vivi hivi, kwenye ndoa, kwenye vyama, kwenye kamati za harusi: mimi sikudanganya, mimi sikuulizwa. Tunachukulia kunyamaza kuwa kosa dogo kuliko kusema uongo. Baada ya ile Jumapili sioni hivyo tena. Uongo uliochomekwa una mahali pake. Ukishajulikana unautoa, na kilichobaki ni kile kilichokuwepo. Kilichotolewa kimyakimya kinaacha kila kitu kingine kikishukiwa, kwa sababu anayetafuta hajui aanzie wapi.

Mama aligunduaje? Hakuwa akichunguza, na hilo ndilo linaloniuma. Wenzangu walipokuwa wanakaribia mahafali, alimwomba binti ya shangazi, aliyesoma chuo kile kile, amletee kitabu cha majina ya wahitimu, akiweke sebuleni. Alikuwa ameshauliza bei ya matatu ya kubeba watu kutoka Voi. Binti ya shangazi akatafuta jina langu, akalikosa, akadhani ni kosa la uchapaji, akaenda idarani kuuliza ili lirekebishwe.

Nimefikiria sana kuhusu maswali matatu ya mama, na nadhani sasa nayaelewa kwa sababu ya CRC. CRC ilibuniwa kwa ajili ya ajali: laini ya simu inakwaruza, diski inazeeka, mbebaji anasaidia pasipohitajika. Kwa ajali ni kali mno. Ina thamani zaidi ya bilioni 4, na kelele haibahatishi. Lakini haikukusudiwa kumzuia mtu mwenye nia. Anayetaka kubadilisha faili halafu arekebishe baiti nne ili CRC ilingane, anaweza, na wala si kazi ngumu. Kwa mtu wa namna hiyo zilibuniwa hesabu za aina nyingine, kama MD5 ya 1992, ambayo nayo ilivunjwa 2004 watafiti wa China walipoonyesha faili mbili tofauti zenye muhuri mmoja. Hizo zinaanza kwa kudhani kwamba upande wa pili wa laini kuna adui. CRC inadhani kuna rafiki na njia mbaya.

Mama alikuwa ananikagua kama rafiki aliye kwenye njia mbaya. Umekula, umelala wapi. Alikuwa anasikiliza kama Nairobi imeniharibu, kama nina njaa, kama nimefukuzwa keja. Hakuwa amejipanga kwa mtoto anayejua majibu. Nami nilikuwa nayajua yote matatu, ni kama nilikuwa na baiti zangu nne za kurekebishia.

Sasa swali ambalo limenikalia: je, alipaswa kujipanga? Je, ni haki kumkagua unayempenda kwa ukaguzi wa adui?

Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana, na nililipenda. Muuza duka yeyote Nairobi ukimwonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yako anakwambia, ngoja nione kwangu. Anajua ujumbe unaoandikwa na mlipaji si ushahidi wa malipo. Yuko sawa, wala hutakiwi kukasirika. Lakini mama angenifanyia hivyo, angepiga simu idarani kila muhula kuuliza kama mwanawe yuko darasani, angekuwa ameshaniambia mimi ni nani kwake. Kuna watu wanaokaguliwa hivyo na wazazi wao tangu utotoni na nimewaona: wanajifunza kutengeneza mihuri bora. Ukaguzi laini ni zawadi. Anayeutumia vibaya ndiye mwenye deni, na hawezi kugeuka akasema mlango ulikuwa wazi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika toleo la kwanza la insha hii, na ningeishia hapo. Halafu dada yangu mdogo akaisoma. Yuko kidato cha tatu. Akaniandikia: "Kwa hivyo mama alikuwa mzuri na wewe ulikuwa mbaya. Sawa. Mimi nilikuwa wapi?"

Muhula ule wa 28,000 dada alikaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo. Mama alikuwa amechagua, pesa hazikutosha wawili, na alichagua mimi niliye karibu kumaliza. Kwa hivyo ule ulaini wa mama kwangu ulilipiwa, na si mimi wala yeye aliyelipa. Nimejaribu kulizunguka hili na sijafaulu. Mweka hazina wa chama tunamkagua kama adui hata awe shangazi, kwa sababu pesa ni za wengine, na anayekubali cheo anakubali kukaguliwa. Je, pesa za karo za nyumba yenye watoto watatu ni za nani? Nikimwambia dada kwamba mama hakupaswa kunichunguza kwa kuwa upendo hauchunguzi, ninamwambia wiki zake mbili ni gharama halali ya heshima yangu. Siwezi kumwambia hivyo. Lakini bado siwezi kutamani mama awe mtu wa kupiga simu idarani.

Kama nikilazimishwa, nasema hivi: aliyepaswa kubadilika ni mimi, na si kwa kuwa mwaminifu tu, maana huko kila mtu anataka kufika. Waliotengeneza aina ya picha iitwayo PNG, mwaka 1996, walifanya jambo ambalo sijaliona sana kwa binadamu. Baiti nane za mwanzo za kila PNG zimechaguliwa zile zinazoharibika haraka zaidi. Kuna baiti yenye biti ya nane imewashwa, ili mbebaji wa biti saba aiue papo hapo. Kuna 13 na 10 zimekaa pamoja, na 10 nyingine peke yake, ili yule msaidizi wetu wa FTP akipita, abadilishe upande wowote, alama zivunjike pale mlangoni. Kwa hivyo picha ikibebwa vibaya inakufa kwa kelele, mwanzoni, kabla hujaiamini. Walijua watu hawatakagua. Wakaweka udhaifu mbele.

Mimi niliweka udhaifu nyuma kabisa, na mbele nikaweka sauti ya Jumapili.

Mwalimu alirudi kama tulivyokubaliana. Faili kumi na tatu zilikuwa sawa. Ya kumi na nne diskieti yenyewe ilikuwa imekufa katikati na kurasa kama tatu hazipo. Nilimwambia nikitaka naweza kukisia baadhi ya sentensi, zinaanza na kuisha, katikati ndiko hakuna. Akasema niache nafasi. Alisoma sura ya kwanza akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, akaniambia alikuwa mwandishi mbaya kuliko alivyokumbuka. Lakini alilipa, na alikunja risiti akaitia kwenye nailoni pamoja na flashi.

Mama ameanza kupiga tena. Sasa hana maswali matatu. Ana moja, na hubadilika. Anakumbuka tarehe kuliko nilivyodhani. "Ile Jumapili ya mvua ulisema una homa. Ulikuwa na homa?" Ndiyo mama, nilikuwa na homa. "Na ile siku ulisema unaenda kwa rafiki kusoma?" Nilienda kwa rafiki. Hatukusoma. Ananyamaza kidogo, kisha anasema haya, tunaongea mengine, bei ya mahindi, jirani aliyejenga hadi kwenye mpaka. Jumapili inayofuata analeta nyingine. Mimi nilikuwa na CRC ya kuniambia ndiyo. Yeye ana mimi tu, tena mimi yule yule, na kila nikisema "ndiyo" nasikia jinsi ilivyo nyepesi.

Jumapili iliyopita alifika mwezi wa tatu.

"Zile elfu ishirini na nane."

Nikamwambia elfu kumi na nne zilikuwa rent ya miezi miwili. Elfu tatu nilimlipa mtu. Zilizobaki nilikula, nikanywa pia. Aliniuliza nilikunywa nini. Nikamwambia.